Rubani wa shambani hatajwi kijiweni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kijiweni kwetu Mikindani, kila ndege ya abiria inapopita, vijana humsifu rubani wake kana kwamba hakuna kazi ya angani inayoishinda hiyo. Simbezi, lakini yule ana msaidizi pembeni na njia ndefu ya kutua.

Mimi ni mkulima wa korosho. Salfa tunapuliza alfajiri, upepo ukiwa umelala, na bado huturudia usoni. Sasa mfikirieni rubani anayenyunyizia mashamba dawa, kazi ya kawaida kule Marekani. Anaruka kama mita 3 juu ya mazao, mwisho wa shamba anainuka ghafla kukwepa miti na nyaya za umeme, anageuka, anarudi. Asubuhi nzima hivyo, peke yake. Akipitiwa kidogo tu, hana kimo cha kujirekebisha.

Na anayetua usiku kwenye manowari ya kubebea ndege je? Sitaha inapanda na kushuka na mawimbi. Magurudumu yakigusa, anaongeza nguvu ya injini mpaka mwisho badala ya kuipunguza, maana ndoano ya mkiani ikikosa waya wa kuisimamisha ndege sitahani itambidi apae tena palepale. Nahodha mmoja wa jahazi alinikatalia kabisa: chombo kinachofika bandarini, alisema, hakiongezewi tanga!

Wanaotaka kubisha wanikute kijiweni baada ya alasiri.

Mkulima wa korosho,
Mikindani, Mtwara