Buffalo si Niagara peke yake

Mhariri,

Kila mnapoutaja mji wa Buffalo, Marekani, mnaishia Niagara. Mimi huu ni mwaka wangu wa tisa hapa, na maporomoko hayo nimeyaona mara mbili tu. Ninakokwenda kila wiki ni sokoni, Broadway Market, upande wa mashariki, kwenye uliokuwa mtaa wa wahamiaji wa Kipolandi. Soko lilianza 1888. Parokia yao ya kwanza, Mtakatifu Stanislaus, ililitangulia kwa miaka 15.

Juma Kuu pale hapapitiki. Foleni ya soseji za kielbasa inajikunja kama nyoka, na yupo anayesaga mzizi mkali mweupe ambao machozi yanakutoka hata hujamkaribia. Mimi hufuata mwanakondoo wa siagi. Ni wa kutosha kiganjani, macho yake punje za pilipili manga, shingoni ana utepe mwekundu, na amechomekwa kibendera. Wenyewe humtia kikapuni na mayai na mkate, wakakipeleka kubarikiwa kanisani Jumamosi. Wangu wa mwaka jana nilimpakata ndani ya basi lenye joto, tukafika nyumbani hana kichwa. Wanangu walimpaka kwenye chapati vivyo hivyo.

Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu yao ya Dyngus. Wavulana huwamwagia wasichana maji, na wasichana huwacharaza miguu kwa vijiti vyenye vichipukizi laini kama manyoya ya paka. Wengine huihusisha na ubatizo wa mtawala wao Mieszko, mwaka 966. Mimi nililijua hilo baada ya kulowa, kitenge kipya na vyote.

Kisha watu hurudi kwao Cheektowaga na vitongoji vingine, nusu ya meza za soko zinabaki tupu, na utawasikia wakisema mtaa wetu umekufa. Umekufaje? Wabangladeshi wamenunua nyumba zile zile na kuzikarabati, na kanisa lililofungwa leo linaadhiniwa. Hata stesheni kuu ya 1929, ghorofa 17, isiyopokea treni tangu 1979, bado ina watu wanaoihangaikia.

Basi mkimtuma mwandishi, aje Oktoba, siku ya Jumanne, si Pasaka. Nitampokea mwenyewe. Aje na koti zito, na kielbasa asiniagizie, mimi sili nguruwe.

Msomaji wenu,
Buffalo, New York