Barua ya wazi kwa mdogo wangu uliyeko Darwin: hakuna aliyewapa bure

Mdogo wangu, salamu nyingi kutoka huku nyumbani, wote wazima na mama anakusalimia. Nimesikiliza ile voisi yako kwenye grupu ya familia mara kadhaa, ile unasema wenzako wa kazini wamekueleza Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wanapewa kila kitu bure na serikali na bado wanalalamika, na wewe ukamalizia "si waendelee tu na maisha". Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi wetu tukifika ughaibuni tunameza stori za wenzetu wa kazini kabla hatujawauliza wenye nchi, na hii imeniuma kweli.

Anza na huko huko uliko, Northern Territory, kaskazini mwa Australia. Kuna ranchi inaitwa Wave Hill, enzi hizo ilikuwa ya kampuni ya Lord Vestey wa Uingereza. Watu wa Gurindji, kabila mojawapo la Waaborijini, ndio waliokuwa wakichunga ng'ombe, wakipanda farasi, wakipika na kufua kwa mabwana, na malipo yao yalikuwa hasa posho ya unga, sukari, majani ya chai na nyama ya mabaki, pesa kidogo sana au hakuna, wakilala kwenye vibanda vya mabati ambavyo mtu mzima anaingia ameinama. Machi 1966 tume ya mishahara ikaamua kwamba wafanyakazi Waaborijini wa ranchi walipwe sawa na wazungu, lakini ianze Desemba 1968, yaani mwenye ranchi apewe muda ajipange kwanza! Agosti 23, 1966, mzee Vincent Lingiari akaongoza watu kama 200 wakaondoka, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda hatimaye kupiga kambi Wattie Creek, wenyewe wanapaita Daguragu. Wazungu walidhani ni mgomo wa mshahara, kumbe wazee walikuwa wanadai ardhi yao irudi. 1967 wakamwandikia Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia, wakidai ardhi yao, akawakatalia. Wakakaa. Miaka tisa mdogo wangu, mpaka Agosti 1975 waziri mkuu Gough Whitlam akaja mwenyewe akamwagia mzee Lingiari mchanga mkononi, ishara ya kuwarudishia ardhi, na hata hapo walipewa kwa mkataba wa kukodi, umiliki kamili ukaja 1986. Sasa hapo bure iko wapi?

Na hiyo hela wanayosema inagawiwa, muulize mwenzako habari za jimbo la Queensland. Kule kwa miaka mingi serikali ndiyo iliyoshika mishahara ya Waaborijini, mtu anafanya kazi mwezi mzima halafu anaenda kuomba ofisini aruhusiwe kutoa hela yake mwenyewe, na nyingine haikuonekana tena. Mwaka 2019 serikali hiyo ilikubali kulipa dola za Australia milioni 190 kumaliza kesi ya mishahara hiyo, na wengi waliovuja jasho walikuwa wameshakufa.

Watoto ndio wananiliza zaidi. Kuanzia miaka ya 1910 mpaka karibu 1970 serikali na makanisa walikuwa wakiwachukua watoto wa Waaborijini kutoka kwa wazazi wao, hasa wale waliochanganya damu, wakiwapeleka kwenye makao wakafunzwe uyaya na kazi za shamba na wasahau lugha ya mama zao. Kule Kinchela, New South Wales, wavulana walikuwa wanaitwa kwa namba. Mtoto ana jina alilopewa na mama yake, anaitwa namba! Ripoti ya tume ya haki za binadamu ya Australia ya 1997 ilikadiria kwamba kati ya mtoto 1 katika 10 na 1 katika 3 alichukuliwa, na ombi rasmi la msamaha bungeni likaja Februari 2008 kupitia Kevin Rudd, waziri mkuu wa wakati huo. Hao watoto ndio leo ni mabibi na mababu unaopanda nao basi huko mjini, kwa hiyo "waendelee na maisha" unamwambia nani hasa?

Sisi ndio tungeelewa haraka. Hapa Kenya, sheria ya ardhi ya Taji, yaani ya ufalme wa Uingereza, ya 1915 iliwageuza babu zetu kuwa wapangaji kwenye mashamba yao. Kule Australia walienda mbali zaidi, walijifanya nchi haikuwa na mwenyewe tangu 1788, mpaka Eddie Mabo na wenzake wa visiwa vya Torres Strait wakashinda kesi Mahakama Kuu Juni 1992, na Mabo mwenyewe alikuwa amefariki Januari ya mwaka huo huo, hakusikia hukumu.

Oktoba 2023 ikapigwa kura ya maoni Waaborijini na watu wa Torres Strait wapewe chombo cha kulishauri bunge tu, kushauri jamani, asilimia 60 hivi ya wapiga kura wakasema hapana na majimbo yote sita yakakataa.

Nakuomba kitu kimoja. Kila Agosti pale Kalkaringi, kijiji kilicho karibu na Daguragu, Wagurindji huwa na sherehe ya kukumbuka ile siku ya kuondoka ranchini. Chukua likizo uende, ukae na wazee, usikilize, halafu utume voisi nyingine kwenye grupu.