Hisa za kampuni ya simu: bei hii ni ya haki?

Ndugu Mshauri, salamu kutoka Kibaigwa, wilaya ya Kongwa.

Mimi ni mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wafanyabiashara wa nafaka hapa sokoni. Sehemu ya faida ya msimu huu tumekubaliana tuiwekeze. Vijana wanataka hisa za Vodacom Tanzania. Wazee wanataka hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali, maana riba yake unaijua tangu siku ya kununua. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupeleka pendekezo, na hizi ni fedha za watu wanaoamka alfajiri kupakia malori. Sitaki kubahatisha.

Kikaoni kijana mmoja alituonyesha kwenye simu mchoro wa bei ukipanda. Mwenyekiti wetu hata hakuuangalia. Aliuliza tu, "Hiyo kampuni nzima inauzwa shilingi ngapi?" Tukabaki kutazamana.

Nimekaa na kalamu. Mwaka 2017, sheria ilipozitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma, Vodacom iliuza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja. Kwa hiyo hisa zote ni kama bilioni 2.24, na kwa bei ile kampuni nzima ilithaminiwa shilingi trilioni 1.9. Dalali wa hisa akanielekeza nigawe bei ya hisa moja kwa faida ya hisa moja. Ikitoka 10, unalipia faida ya miaka kumi. Ikitoka 30, basi unaamini faida itakua sana.

Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu faida yenyewe haitulii. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni ilipata hasara, baada ya kufungwa kwa laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole. Julai mwaka huohuo ikaja tozo ya miamala ya simu. Sasa bei utaigawaje kwa hasara? Na faida ikirudi, nishike mwaka upi? Gunia la mahindi nitakwambia bila kusita kama bei yake ni ya haki: najua gharama ya shamba, nauli ya lori hadi Dar es Salaam, na Kiteto wamevuna kiasi gani. Kwenye hisa sina pa kuanzia.

Vijana wanasema kampuni ya teknolojia haipimwi kwa faida ya leo, wanataja M-Pesa. Siwapingi, hapa sokoni hata mbeba magunia analipwa kwa simu. Lakini nimesoma habari za Cisco ya Marekani, kampuni inayotengeneza vifaa vya mitandao ya intaneti. Machi 2000 ilikuwa juu kabisa kwa thamani duniani, intaneti ikaenea kweli kama ilivyotarajiwa, na bado hisa zake ziliporomoka kwa zaidi ya robo tatu. Jumia nayo, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni Afrika, iliingia soko la hisa la New York Aprili 2019 kwa dola 14.50, bei ikaruka zaidi ya mara mbili, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya ile ya kuanzia. Novemba hiyo ikafunga biashara yake hapa Tanzania. Kwangu mimi, kampuni kuwa na kazi nzuri hakutoshi kuhalalisha bei yoyote.

Naomba unisaidie haya. Nichukue wastani wa faida ya miaka mingapi? Ukuaji wa M-Pesa niupe uzito gani bila kulipia matumaini mara mbili? Na jingine linalonisumbua zaidi: Soko la Hisa la Dar es Salaam lina siku ambazo hisa za kampuni fulani haziuzwi kabisa. Bei iliyoandikwa siku hiyo, ambayo pengine ni ya mtu mmoja aliyeuza hisa chache, niiamini?

Kikao chetu ni mwezi ujao. Hata ukinitajia tu sehemu za ripoti ya mwaka nianze nazo, nitashukuru sana.

Mhazini, Kibaigwa, Dodoma