Barua kwa somo yangu, kutoka Shinyanga

Shinyanga,
Septemba

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila vumbi linanitesa na midomo imepasuka kwa upepo wa huku. Natumai nawe hujambo pamoja na mama na watoto. Sauti zako zote nimezisikiliza, hata ile ndefu ya usiku ambayo jenereta la jirani linanguruma nyuma yako. Nimeona nisikujibu kwa sauti. Mtandao wa huku kijijini unakuja na kuondoka, na yapo maneno ambayo ukiyasemea kwenye simu yanakuwa mepesi mno. Keshokutwa lipo basi la Dar. Bahasha hii pamoja na kifurushi nitampa kondakta, wewe utavipokea Stendi ya Magufuli.

Ulisema binadamu ameshindikana. Ulisema Msimbazi ilivyojaa tena pale Jangwani, na takataka zile zile walizotupa watu mtoni zikawarudia sebuleni, umeamini kwamba hatuna dawa, na anayetumaini ni yule asiyefuatilia habari. Kuhusu Msimbazi sikubishii. Nimevuka pale mara nyingi kuliko ninavyopenda. Nataka tu nikusimulie nilichokiona huku, halafu uamue mwenyewe.

Kilichonileta unakijua: tumekuja kumposea mpwa wangu. Hadi Dodoma tulipanda treni ya umeme, tukafika hata usingizi haujakolea. Kutoka hapo ni basi na ni mwendo mrefu: Manyoni, Singida, kisha ule mteremko wa Sekenke ambao malori hushuka kwa kunyata, halafu mbuga ya Wembere inafunguka mbele yako, tambarare hadi macho yanachoka. Igunga, Nzega, Tinde. Ukipita mwezi huu utaapa kwamba nchi hii haijawahi kuona jani bichi.

Posa imekwama kidogo, usicheke. Sisi tumekuja na bahasha za noti, wenzetu wanataka ng'ombe, na si ng'ombe wa kuhesabiwa mdomoni: ng'ombe wenye kwato. Ikabidi kikao kiahirishwe hadi mjomba wa binti afike kutoka Maswa. Katika huo muda wa kusubiri, babu yake binti aliniona nimekaa uani nikikodolea macho simu isiyo na mtandao, akaniambia, "Mama, inuka, nikuonyeshe ng'ombe wako wanakula nini." Nikavaa ndala nikamfuata.

Tulitembea mpaka kwenye njia ya miguu, nyembamba, ya mtu mmoja. Mkono wa kushoto ardhi ilikuwa tupu. Udongo wa huku ni ule mweusi wa mbuga. Ukikauka unachanika, na nyufa zake zilikuwa zinaingiza kiganja changu chote. Mkono wa kulia majani yalisimama hadi kiunoni, makavu, rangi ya kahawia, na juu yake migunga imefungamana kiasi kwamba huoni ng'ambo. Mvua ni ile ile, udongo ni ule ule. Kati ya hapa na pale ni hiyo njia tu. Nilitafuta uzio sikuuona. Hakuna seng'enge, hakuna miiba iliyokatwa, hakuna kibao cha kumtisha mtu kwa herufi nyekundu.

Upande wa kushoto kulikuwa na ng'ombe, mbavu unazihesabu, wakichungwa na mtoto ambaye kwa umri angekuwa darasa la nne. Dume la mbele lilisikia harufu ya majani, likageuza kichwa. Yule mtoto hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliokota kijiwe, akakirusha kikaanguka sawia mbele ya pua ya dume, nalo likarudi kwenye mstari. Akaendelea kutafuna kijiti chake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hiyo sehemu ya kulia ndiyo wanayoiita ngitili. Mvua zinapoanza, mwezi wa kumi na moja hivi, eneo linafungwa, mifugo haiingii. Majani yanaota, yanakomaa, yanakaukia hapo hapo. Kiangazi kikishabana kama sasa, linafunguliwa kwa sehemu, kipande baada ya kipande, na wa kwanza kuingia ni ndama, wagonjwa na maksai ambao watahitajika kulima mvua zikirudi. Ni desturi ya Wasukuma ya tangu enzi za mababu zao. Ipo ya familia, na ipo ya kijiji.

Nilimuuliza mzee, "Na mtu akiingiza ng'ombe wake usiku?" Akasema lipo baraza lao, dagashida, ambalo huketi na kumtoza faini. "Na akikataa kulipa?" Hapo akasimama kabisa, akaegemea fimbo. Akasema asiyelipa anaachwa. Hapewi moto, hasaidiwi kulima, na akipatwa na msiba atachimba kaburi na wanawe. "Sasa mama, mtu gani atauza mazishi yake kwa majani ya usiku mmoja?"

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nikuandikie. Nchi hii ilishakufa, somo yangu. Wakati wa Mwingereza, Shinyanga ndiyo ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o, wale inzi wa malale wanaojificha vichakani, na dawa ya mbung'o iliyoonekana ni kufyeka vichaka. Watu walikusanywa kwa maelfu, wakafyeka. Ikaja pamba, misitu ikaondoka kupisha mashamba. Mifugo ikaongezeka. Kisha katika miaka ya 70 watu wakahamishiwa vijijini, wakaziacha ngitili zao nyuma bila mwenyewe wa kuzitazama. Ilipofika miaka ya 80, mkoa huu ulikuwa unaitwa jangwa la Tanzania. Wanawake walikuwa wanatumia siku nzima kutafuta kuni, na kuna nyumba zilizopikia samadi. Mwalimu alikuja, akaona, akashtuka. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga.

Mwanzoni wataalamu walifanya kile ambacho wataalamu hufanya: vitalu vya miche, miti ya kigeni, kupanda kwa mstari. Wenyeji wakaitazama hiyo miche kwa adabu. Baadaye ndipo waliposhtukia kwamba watu hawa walikuwa na jambo lao tayari, lilikuwa limelala tu, na kwamba visiki vingi vilivyokatwa zamani vilikuwa bado vina mizizi hai chini ya ardhi. Havikuhitaji kupandwa. Vilihitaji kuachwa. Kumbukumbu za 1986 zilionyesha hekta kama 600 tu za ngitili zilizobaki mkoa mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, makadirio yalifika hekta 350,000 au zaidi, katika vijiji vyote 833 vya mkoa huu wakati ule, kabla haujagawanywa. Walipopiga hesabu ya kuni, dawa, asali, matunda, majani ya kuezekea na malisho, wakakuta ngitili zinampa kila mtu wastani wa dola 14 kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini yalikuwa chini ya dola 9. Ndege wamerudi. Fisi nao wamerudi, na hilo si kila mtu analishangilia.

Nilizirudia namba hizi usiku kitandani, somo yangu, nikawaza kazi yenyewe iliyofanyika. Ukiondoa mikutano na maneno, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kutokufanya. Kutokukata, kutokuingiza, kutokuchoma. Maelfu ya watu, mwaka baada ya mwaka, kila mmoja ana ng'ombe mwenye njaa na majani yapo hatua mbili kutoka mguuni pake, hakuna polisi, hakuna taa, na haingizi. Wewe na mimi tumezoea kumpima binadamu kwa anachojenga au anachobomoa, ndiyo maana habari zinakuua moyo. Kujizuia hakupigwi picha. Nani atarusha kwenye taarifa ya saa mbili kwamba leo, kwa siku nyingine tena, ng'ombe wa fulani hawakuvuka njia?

Nimefikiria pia tulivyolelewa sisi, na tunavyoishi. Dar kila kitu tumekizungushia ukuta, na juu ya ukuta tumepanda vipande vya chupa. Kilicho ndani ya ukuta ni changu, kilicho nje si cha mtu, na kisicho cha mtu kinatupiwa mfuko wa taka. Huku nimeona kitu cha tatu ambacho sikukumbuka kama kipo: kitu kilicho wazi kabisa na bado kina wenyewe. Ninaposema natumaini, simaanishi kwamba watu ni wema. Yule mzee hanisadikishi kwamba jirani zake ni malaika. Alinihesabia wezi wa mifugo wa ukoo mmoja hadi mwingine. Namaanisha kwamba watu wa kawaida, wenye tamaa ya kawaida, wakikaa chini wakakubaliana na wakaonana aibu, wanaweza kuishi na njia ya miguu badala ya ukuta. Nikiambiwa nichague jambo moja la kuwarithisha wanangu, sasa hivi ningechagua hiyo aibu. Elimu wataipata kwingine.

Usidhani nimelewa hewa safi. Yapo yasiyopendeza, na ningekuficha ungeniambia ndiyo hayo ya wasafiri, wanaona siku mbili wanatunga shairi. Mwenye ng'ombe wengi na eneo kubwa ndiye anayenufaika zaidi na ngitili. Maskini mwenye kieneo kidogo kiangazi kikibana hukodisha majani yake kwa tajiri kisha akabaki bila kitu. Watu wameongezeka, na mafungu ya ardhi yanakatwa vipande kila mzee anapofariki. Wengi wameondoka na mifugo yao kwenda kusini, Mbeya, Rukwa, hadi bonde la Kilombero. Unakumbuka mwaka 2006 wafugaji walipoondolewa Ihefu, lile bonde oevu la Mbeya? Tulikuwa tunasikia redioni kwamba Wasukuma wameharibu bonde, wamekausha mto Ruaha. Wengine wao wametoka vijiji kama hiki. Watu wenye desturi moja, hapa walikuwa wanafufua nchi na kule wakahesabiwa waharibifu. Nimelizungusha jambo hili kichwani na naona jibu lake ni kwamba dagashida haisafiri. Kule hawakuwa na jirani wa kuwanyima moto. Mtu huyo huyo, ukimtoa mbele ya macho ya waliomzika baba yake, anakuwa mwingine. Linanitisha hilo, maana mimi na wewe tunaishi katika mji wa watu milioni kadhaa waliotolewa hivyo.

Na hata hapa si salama. Mzee ana mtoto wa kiume Mwanza anayetaka sehemu yake ya ngitili ikatwe mkaa, apate mtaji wa bodaboda. Nilitegemea mzee amlaani. Hakumlaani. Alisema, "Anayo haja ya kweli." Akasema atalipeleka barazani, na kama ni kumchangia mtaji basi wamchangie, lakini migunga ile ameichunga tangu ikiwa machipukizi ya kufika gotini na hataki kuiona kwenye gunia. Sijui litaishaje. Hilo "anayo haja ya kweli" ndilo limebaki na mimi. Sisi mijini tukishagombana, haja ya mwenzetu ni kitu cha kwanza kukitupa.

Posa, nimesahau kukwambia, imekubaliwa. Mjomba wa Maswa alifika jana jioni, mkali kweli kweli, lakini baada ya kula akalainika. Ng'ombe watanunuliwa mnadani, noti zetu hazikupotea bure. Idadi nitakutajia tukionana, siiandiki kwenye karatasi inayopita mikononi mwa kondakta.

Sasa nikuulize wewe. Kile kiwanja cha wazi nyuma ya nyumba yako, ambacho nusu ya mtaa wanataka maegesho na nusu wanatupia taka, kikao cha serikali ya mtaa kilishaketi? Na ulikwenda, au ulikaa ndani ukanirekodia sauti? Najua nitakavyochukiwa kwa swali hili, lakini nijibu.

Kwenye kifurushi kuna michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa vya huku. Michembe ichemshe vizuri, ukiunga na karanga mama atapenda. Matobolwa yatafune hivyo hivyo, ila taratibu, una jino lako lile.

Msalimie mama, mwambie mkwe amepatikana.

Ni mimi somo wako.