Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Chama cha Wazee, Ujiji

Ndugu wanachama,

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo nimeshawaitikia, tusipoteze muda.

Mambo ya kawaida mnayajua. Tumekutana mara nne, tumezika wenzetu watatu, wagonjwa tumewatembelea, na mwezi Machi mtabibu wa zahanati alikuja kutupima presha. Nisiyarefushe.

Ninalotaka kulisema leo ni la pilau. Nasikia barazani kwamba mwenyekiti "amekula" pilau ya Siku ya Wazee ya Oktoba 1. Sikuila. Fedha ya pilau hiyo, shilingi 480,000, imeweka vyuma vya kushikilia katika vyoo vya wanachama wanane, na sakafu laini za vyoo hivyo zimekwaruzwa ili mtu asiteleze. Vipo, nendeni mkavishike.

Mnakumbuka mama yetu aliyeteleza usiku wa mvua akienda choo cha uani. Ndala zimelika soli, tochi haina betri, udongo wetu huu mwekundu ukilowa ni sabuni. Alilala chini mpaka adhana ya alfajiri. Nyonga ilivunjika, akawa wa kitandani, vidonda vya mgongoni vikaja, kisha kifua kikajaa. Tulimzika kabla ya miezi mitatu. Watu wakasema ni uzee. Mimi nikasema ni choo, na mpaka leo nasema hivyo.

Mtabibu alitueleza, ingawa wengi mlikuwa mmeshaondoka baada ya chai. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu 684,000 wanaokufa kwa kuanguka kila mwaka, na wengi wao wamepita miaka 60. Macho yenye mtoto wa jicho huangusha. Miguu iliyoisha nguvu huangusha. Dawa ya presha huweza kuleta kizunguzungu ukiinuka ghafla, kwa hiyo kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha simama. Usiiache dawa kwa kujiamulia. Akina mama mifupa yao hupungua nguvu zaidi baada ya kukoma hedhi. Dawa za usingizi nazo zimo, na wanaozinunua dukani kimyakimya wanajijua.

Wapo wanaosema tunatisha watu, kwa kuwa mzee mwenzetu wa karibu na soko alianguka na hakuvunjika kitu. Ni kweli. Lakini tangu ateleze kwenye mawese yaliyomwagika jikoni, hatoki nje. Hata msikitini haji. Anaogopa, na kadiri anavyokaa miguu inazidi kulegea, kwa hiyo ataanguka tena hapohapo ndani.

Mnauliza kwa nini sikuwapigisha kura kabla ya kutumia fedha ya pilau kwenye vyoo. Niliitisha mkutano mwezi Mei. Akidi ni watu 21. Mlikuja 14, wawili kati yao wakiwa wamefuata kivuli cha mwembe. Ningengoja nani? Na fundi alianzia kwa shemeji yangu kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyo karibu na duka la saruji. Sina la kuongeza hapo.

Hesabu: wanachama 63 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi tulipaswa kupata 756,000. Zimeingia 412,000. Tunadaiana 344,000, na wenye sauti kubwa kuhusu pilau wamo kwenye orodha, ambayo kwa heshima siisomi. Tulianza mwaka na 290,000. Rambirambi zimekula 120,000, nauli na karatasi 37,000, vyoo kama nilivyosema. Zimebaki 65,000.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaangalia habari ya miwani, mikongojo yenye mpira chini, pengine na taa za sola. Mazungumzo yapo na watu fulani.

Uchaguzi ni Februari na nitagombea. Pilau mtakayokula leo imetoka mfukoni mwangu, na ninaomba katibu aliandike hilo kwenye muhtasari.

Mwenyekiti