Shukrani kwa Msamaria Mwema Aliyemtibu Kuku Wangu

Ndugu, wewe nisiyelijua jina lako, pokea shukrani zangu za dhati. Ulilikandamiza jeraha la mgongoni kwa kitambaa safi mpaka damu ikakoma, ukalisafisha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye gramu 9 za chumvi kwa kila lita, kisha ukanisisitizia nimtenge kuku huyo mahali penye joto, utulivu na mwanga hafifu, kwa sababu wenzake, hata wale aliokua nao, huvutiwa na wekundu wa damu na kuendelea kumdonoa. Onyo lako kuhusu nzi, ambao hutaga mayai kidondani yakaanguliwa kuwa funza, ndilo lililonifanya nimkague asubuhi na jioni. Kidonda kimefunga, manyoya yanachipua, naye amerudi bandani. Asante sana.