Mafisango tumkumbuke akiwa na mpira

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu marehemu Patrick Mafisango, kiungo wa Simba aliyetutoka alfajiri ya Alhamisi, Mei 17, 2012, kwa ajali ya gari huku kwetu Chang'ombe. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Keko, na Simba ndiyo timu niliyokua nayo.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana anayejifunza kazi kwangu. Huyo ni Simba damu. Siku ya mechi randa haishikiki mkononi mwake, na ukimtajia kiungo Clatous Chama atakusimulia pasi zake mpaka gundi ikauke. Juzi nilipomtaja Mafisango aliniuliza, "Yule aliyekufa na gari?" Basi, hakuwa na lingine la kusema. Simlaumu, alikuwa mtoto mdogo mwaka ule. Sisi tulioona ndio tuliomfundisha hivyo. Kila Mei ikifika tunatumiana picha za ajali kwenye simu, tunaandika "pumzika kwa amani", halafu tunarudi kwenye habari za usajili. Mtu aliyetufurahisha vile tumemwachia mtoto gari lililobondeka.

Nilimwambia aache msasa, akae, nikaanza kumsimulia. Mafisango alizaliwa Kinshasa, akachezea timu ya taifa ya Rwanda, akaja Dar es Salaam kuichezea Azam, na mwaka 2011 akavuka kuja kwetu Simba, Msimbazi. Alikuwa kiungo, lakini kiungo mwenye njaa ya goli. Wengine wakishapora mpira huutoa pembeni wapumue. Yeye aliinua kichwa kwanza kutazama mbele. Akiwa amekabwa na watu wawili bado alinyoosha mkono kuuomba. Jukwaani kwetu kulikuwa na wazee wasioridhika na mchezaji yeyote tangu enzi za akina Kibadeni, mchezaji wetu wa zamani, na hao hao walisimama mpira ulipofika miguuni kwake. Mimi nilikwenda uwanjani nikijua kwamba hata tukifungwa, nitaona mtu mmoja asiyekubali.

Watu humtaja kwa ajili ya zile goli tano tulizowafunga watani wetu Yanga Mei 6, 2012, Uwanja wa Taifa, ambao siku hizi ni Benjamin Mkapa. Ni kweli alifunga siku ile. Okwi alitia mawili, Sunzu moja, na kipa wetu Juma Kaseja akapanda mwenyewe kupiga penalti akafunga. Nilifurahi mpaka sauti ikakatika. Lakini watani walishajibu, Novemba 2023 walitupiga 5-1, na huenda huko mbele tukawajibu tena. Kumweka Mafisango ndani ya matokeo ya mechi moja ni kumpunja. Alicheza msimu mzima, msimu tuliochukua ubingwa chini ya kocha Milovan Cirkovic, na kuna Jumatano za mechi ndogo, uwanja nusu mtupu, alizocheza kama vile ni fainali.

Siku chache kabla ya kifo chake timu ilikuwa imetolewa kwa penalti huko Sudan na Al Ahly Shendi, Kombe la Shirikisho Afrika. Tulikuwa bado tunagombana vijiweni nani alaumiwe. Na jiji lenyewe lilikuwa na machozi mabichi, maana mwigizaji wa filamu Steven Kanumba tulimzika Aprili ile ile iliyotangulia. Habari za Mafisango ziliponifikia asubuhi sikuzikubali mpaka nilipoona wenzangu wa tawini wamekaa chini barazani, hakuna anayemwangalia mwenzake. Jirani yangu wa karakana, Yanga asiyetaka hata kuona kitambaa chekundu, alifunga mashine yake akaja kukaa nasi. Hakusema neno la utani, wala siku zilizofuata.

Tulimuaga Chang'ombe, kwenye viwanja vya Sigara, kisha mwili ukasafirishwa kwenda kuzikwa Kinshasa. Hilo ndilo linaloniuma kila mwaka. Marehemu wetu wengine tunajua walipo. Tunakwenda kung'oa majani, tunasoma dua, tunawapeleka watoto na kuwaonyesha. Kwa Mafisango shabiki wa Temeke hana pa kwenda isipokuwa barabarani alipopata ajali, na mimi sitaki mtoto aonyeshwe pale.

Ndiyo maana naomba, kupitia gazeti lako, viongozi wa matawi ya Simba ya Keko, Chang'ombe, Kurasini na Temeke tukutane kabla ya Mei ijayo tuandae bonanza la vijana chini ya miaka 17 kwa jina lake, palepale tulipomuaga. Timu za mitaani zije, za watoto wa Yanga pia. Wachezaji aliocheza nao walio hapa mjini waombwe waje, wawaeleze vijana alivyokuwa mazoezini na kwenye basi, mambo ambayo sisi wa jukwaani hatukuyaona. Zawadi kubwa isiende kwa mfungaji bora tu. Apewe kiungo bora, yule anayeuomba mpira wakati wenzake wanajificha.

Klabu naiomba baraka zake tu, na ruhusa ya familia kutumia jina, maana hilo ni lao kabla ya kuwa letu. Jezi na maji matawi tunaweza kuchangishana. Kombe nitalichonga mimi kwa mbao ya mninga, bila malipo, kila mwaka Mungu akinijalia nguvu. Gogo nimeshalinunua, linakauka karakana, na yule kijana ndiye niliyempa kazi ya kuligeuza kila wiki lisipinde.

Mpenzi wa Simba,
Fundi seremala, Keko Magurumbasi,
Dar es Salaam.